Tezo ya Wamunyu: Historia ya Uchongaji wa Vinyago Ukambani

Uchongaji wa vinyago wa Wakamba wa Kenya una umri wa karne moja hivi. Twiga wenye shingo ndefu, vifaru, ndovu, vijiko vya saladi vyenye vichwa vya swara na sanamu za mashujaa wa Kimasai walioshika mikuki vimejaa katika maduka ya Nairobi, Mombasa na viwanja vya ndege. Kwa sababu vimeenea hivyo, wengi hudhani ni urithi uliotoka kwa mababu wa mababu. Sivyo. Kazi hii ilizaliwa vitani, ikalelewa na soko, ikapita mkono hadi mkono miongoni mwa jamaa za Wamunyu, eneo kavu lililo mashariki ya mji wa Machakos. Uchanga wake hauipunguzii heshima. Ni fani chache Afrika Mashariki zilizoanzishwa na wanakijiji wenyewe, bila shule, bila mtaji na bila mfadhili, zikalisha familia nyingi kwa vizazi vinne.

Mkono wa ufundi ulikuwapo Ukambani tangu zamani. Wazee walikalia viti vya miguu mitatu vilivyochongwa katika kipande kimoja cha mti. Viti vya watu wa heshima vilipambwa kwa nyaya nyembamba za shaba, zikagongwa mpaka zikazama ndani ya mbao na kufanya duara na mistari inayong'aa. Wahunzi walifua minyororo midogo ya chuma na shaba ambayo majirani waliitafuta. Wanaume walijichongea pinde, mishale na mizinga ya nyuki, na vibuyu vya uji na pombe vilichorwa kwa ncha ya kisu. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Sweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika kwa kirefu juu ya vyombo hivyo. Lakini sanamu ya mtu au mnyama iliyosimama peke yake, ambayo si kiti, si kijiko wala si fimbo, haikuwa na nafasi kubwa katika maisha hayo.

Mazoea ya biashara ya mbali nayo yalikuwapo. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, kabla misafara ya watu wa pwani haijaanza kupenya bara kwa wingi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alimtembelea mfanyabiashara mkubwa Kivoi huko Kitui mwaka 1849. Aliporudi mwaka 1851 alikuwa pamoja naye siku Kivoi alipouawa na wavamizi karibu na Mto Tana. Habari hii ina uzito katika historia ya vinyago. Watu waliozoea kubeba bidhaa mamia ya kilomita hawakukaa nyumbani kumsubiri mnunuzi. Walimfuata alipo, na ndivyo ilivyokuja kuwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, makoloni ya Waingereza na ya Wajerumani katika Afrika Mashariki yaligeuka uwanja wa mapigano uliodumu miaka minne. Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, wabebe risasi, unga na maji nyuma ya askari. Makumi ya maelfu hawakurudi, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, kimebaki katika majina ya mitaa ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi.

Miongoni mwa Wakamba waliofika Tanganyika katika vita hivyo alikuwamo Mutisya Munge wa Wamunyu. Masimulizi ya nyumbani kwake, ambayo watafiti waliyaandika baadaye, yanamtaja kuwa ndiye aliyeona kazi ya wachongaji, akajifunza kwao, akarudi nayo. Wengi husema walimu wake walikuwa Wazaramo wa karibu na Dar es Salaam. Wengine huwataja Wamakonde, ambao miaka hiyo na iliyofuata walikuwa wakivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge.

Wazaramo walikuwa na uchongaji wenye mizizi mirefu. Umbo lao linalojulikana kuliko yote ni mwana hiti, kisanamu kidogo chenye kiwiliwili kilichonyooka bila mikono na kichwa chenye vishungi, ambacho mwali alipewa wakati wa kuwekwa ndani. Umbo hilo hilo lilichongwa juu ya fimbo za wakubwa, migongo ya viti na nguzo za makaburi. Pamoja na hayo, Dar es Salaam tangu enzi ya Wajerumani ulikuwa mji wa maofisa, wamisionari na mabaharia waliopenda kununua vitu vya kurudi navyo kwao. Fundi aliyejua kuchonga aliweza kuuza.

Vinyago vya Wamunyu havifanani na mwana hiti, na hili ni jambo la kuzingatiwa. Mutisya hakurudi na mtindo wa Wazaramo, wala na maana ya unyago wao. Alirudi na ujuzi wa mkono, na wazo jipya kwamba kipande cha mti kinaweza kuchongwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, asiye ndugu wala jirani, atakayekibeba akaondoka nacho asionekane tena. Wazo hilo lilihamisha uchongaji kutoka katika mahitaji ya nyumbani, likaufanya kuwa kazi ya kujipatia riziki. Wanunuzi wa kwanza walikuwa walowezi na maofisa wa Kizungu, waliotembezewa vinyago huko Machakos na Nairobi.

Mwanzoni ujuzi ulikaa ndani ya jamaa. Kijana alijifunza kwa kukaa karibu na baba, mjomba au kaka, akianza na kusugua kazi ya mwingine, kisha kuchonga vijiko, kisha wanyama wadogo. Hakukuwa na ada wala cheti. Kulikuwa na subira ya mwalimu na jeraha la kidole mara kwa mara. Jirani aliyeona shilingi zikiingia kwa mwenzake naye alimpeleka mwanawe, na kwa njia hiyo duara ilipanuka kutoka ukoo mmoja hadi kijiji, na kutoka kijiji hadi tarafa.

Kasi ya kuenea huko haieleweki bila kuangalia hali ya ardhi. Ukambani ni nchi ya mvua haba. Njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19 ilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee, na serikali ya kikoloni ilikuwa imewabana watu ndani ya mipaka ya hifadhi za makabila huku mashamba mazuri ya Mua na Ulu yakipewa walowezi. Akiba ya familia ilikuwa ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ilianza kuwalazimisha watu wa Machakos kupunguza mifugo, ikawakamata ng'ombe na kuwanadi kwa bei ya hasara. Mwezi Julai mwaka huo maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliteremka kwa miguu hadi Nairobi kumtaka Gavana awarudishie mifugo yao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Serikali ililegeza kamba, lakini funzo lilikuwa limeingia: mali inayotembea kwa miguu minne inaweza kuchukuliwa asubuhi moja. Uchongaji ulihitaji shoka, tezo na mti wa shambani tu, na hakuna ofisa aliyeweza kuunadi ujuzi wa mkono.

Vita Kuu ya Pili ilileta wanunuzi ambao Wamunyu haikuwahi kuwaota. Kenya ilijaa askari kutoka Uingereza, Afrika Kusini, India na Afrika Magharibi, wenye mshahara mfukoni na hamu ya kupeleka kumbukumbu nyumbani. Wakamba wenyewe waliingia jeshini kwa wingi, wakaona miji na bandari za mbali, na baadhi yao waliporudi walitumia fedha za kiinua mgongo kuanzia biashara. Baada ya mwaka 1945 mchuuzi wa vinyago akawa mtu wa kawaida mbele ya hoteli za Nairobi na gatini Mombasa. Wengine walipanda magari ya moshi na mabasi na magunia yao, wakauza Uganda, Tanganyika, Kongo na hata nchi za kusini zaidi. Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya Mau Mau haikuivunja biashara hii. Ilileta askari wengine wa Kiingereza, na wanunuzi wengine.

Mwaka 1958 mchumi Walter Elkan alichapisha utafiti juu ya biashara ya vinyago ya Afrika Mashariki. Jambo lililokuwa la ajabu kwa wachumi wa wakati ule ni kwamba mnyororo wote, kuanzia gogo hadi mnunuzi wa mwisho, uliendeshwa na Waafrika wenyewe. Wakati ambapo maduka mengi yalikuwa mikononi mwa Wahindi na kampuni za kuuza nje mikononi mwa Wazungu, hapa palikuwa na mchongaji wa kijijini, mchuuzi jamaa yake na msafirishaji wa kwao. Walikopeshana kwa neno la mdomo tu, na bidhaa zao zilivuka bahari. Vitabu vya historia ya uchumi wa Kenya vimeipa habari hii kurasa chache kuliko inavyostahili.

Kazi yenyewe huanza na gogo. Fundi hulipima kwa jicho, akaamua kama litatoa ndovu mmoja mkubwa au twiga watatu wembamba, kisha hulikata kwa msumeno au shoka. Hachori kitu juu ya mti. Hukaa chini au juu ya kigogo kifupi, kazi yake akiikamata kwa mkono mmoja na kuiegemeza kwenye kisiki, na mkono wa pili hushusha tezo. Tezo ndiyo chombo kikuu. Mpini wake ni mfupi na bapa lake limekaa kwa kukingama, makali yakimtazama mwenye kuishika. Mafundi wengi huwa na zaidi ya moja, nzito ya kutolea umbo la kwanza na nyepesi ya kusogelea mwili wa mnyama. Pigo likizidi nusu ya kidole, sikio la kifaru limekwenda na kazi ya siku imekuwa kuni. Baada ya tezo hufuata kisu, patasi na tupa, kisha msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, na mwisho nta au rangi ya viatu inayosuguliwa kwa kitambaa mpaka mti utoe mng'aro.

Soko lilipokua, hatua hizo ziligawanywa. Mmoja akawa wa kutoa umbo, mwingine wa kumalizia, na kusugua msasa kukawa kazi ya vijana na wanawake, wenye malipo madogo kuliko wote. Kuchonga kwenyewe kulibaki kazi ya wanaume. Wanawake wa Ukambani soko lao kubwa lilikuwa la viondo. Mafundi nao walijigawa kwa mnyama: huyu ni wa twiga, yule ni wa kiboko, na aliyechonga swara miaka ishirini aliweza kutoa swara kumi wanaolingana bila kuweka hata mmoja mbele yake kama mfano. Kulingana huko ndiko wakosoaji wamekulaumu zaidi, na ndiko kunakoonyesha nidhamu ya mkono ambayo wachache wameifikia.

Kadiri kazi ilivyokua ndivyo wachongaji walivyozidi kuhama vijijini. Mombasa ilikuwa na bandari, meli na hoteli, na tangu miaka ya ukoloni mafundi wa Kikamba walikuwa wakichonga chini ya miti pembeni mwa mji. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, kundi la wachongaji wapatao mia moja liliungana kuunda chama cha ushirika kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote, Akamba Handicraft, chenye karakana Changamwe karibu na uwanja wa ndege. Wamunyu nayo ikawa na ushirika wake, Nairobi ukazuka ule wa Gikomba, na baadaye Malindi. Ushirika ulitatua tatizo la zamani: mchongaji mmoja mmoja alilazimika kumuuzia dalali kwa bei yoyote siku njaa ilipombana. Sasa kulikuwa na duka la pamoja. Mwanachama alileta kazi yake, ikawekwa bei, ikaandikwa namba yake ya uanachama upande wa chini, na ilipouzwa chama kilikata sehemu yake na kumpa iliyobaki. Chini ya paa za Changamwe walikaa mamia ya mafundi kwa safu, vumbi la mti likielea hewani, na idadi ya wanachama baadaye ilipanda hadi maelfu.

Utalii wa ndege za kukodi uliofurika pwani tangu mwisho wa miaka ya 1960 uliinua kila kitu. Sheria nayo ilisaidia bila kukusudia. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara za wanyama. Maduka yaliyokuwa yakiuza pembe, ngozi na vikuku vya singa za mkia wa ndovu yalibaki na rafu tupu, na kinyago cha mti kikaingia mahali pake. Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Njia halali ya mpingo wa Tanzania ikafungika, na wachongaji wa Kenya wakaelekeza tezo zao kwa nguvu zaidi kwenye miti ya kwao.

Wataalamu wa sanaa hawakuwa wepesi kuipokea kazi hii. Huko Dar es Salaam, katika miaka ile ile ya 1950 ambayo Wakamba walikuwa wakipanua soko, Wamakonde walikuwa wakibuni mitindo iliyowashangaza wakusanyaji. Samaki Likankoa alichonga mashetani, na duka la Mohamed Peera likawa mlango wa kazi hizo kwenda ulimwenguni. Kinyago cha Kimakonde kilipata maonyesho, vitabu na majina ya wasanii. Twiga wa Wamunyu aliitwa bidhaa ya watalii, basi. Mtafiti Bennetta Jules-Rosette, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu sanaa ya watalii, alikuwa mmoja wa waliokataa kuishia hapo. Aliwachukulia wachongaji kuwa watu wanaozungumza na mnunuzi wao kwa njia ya umbo, wakijifunza anachotaka kuona na kuamua watakachompa.

Hukumu ya wakosoaji ina kosa la msingi. Inapima kazi kwa upweke wa msanii, wakati uchongaji wa Ukambani ni kazi ya karakana, kama ulivyokuwa ufinyanzi, ususi na useremala wa milango ya pwani. Fundi wa mlango wa Lamu naye alirudia maua yale yale aliyofundishwa, na hakuna anayemdharau. Mchongaji wa Wamunyu amenyimwa heshima hiyo kwa sababu mnunuzi wake alikuwa mgeni mwenye kamera. Ni kweli kwamba kuna vinyago vilivyochongwa harakaharaka na kupakwa rangi nyeusi vifanane na mpingo. Kuna pia vifaru vilivyochongwa na mtu anayejua kila mkunjo wa ngozi ya shingo. Vyote viwili hukaa rafu moja, na aliyevichonga hatajwi.

Jambo zito kuliko hukumu ya wakosoaji lilikuwa mti. Wachongaji wa kwanza walitumia miti ya karibu, na mpingo ulipendwa kwa weusi na uzito wake. Mpingo hukua polepole mno, na ule wa Ukambani uliokuwa na unene wa kufaa ulikwisha upesi. Ndipo zamu ikaja kwa muhugu, na kwa miongo mingi muhugu ndio uliobeba kazi yote.

Muhugu ni mti wa ajabu. Kwa ukoo ni ndugu wa alizeti, familia ambayo karibu yote ni majani na vichaka, lakini wenyewe husimama mrefu msituni na moyo wake ni mgumu, mzito, wenye nyuzi laini na harufu nzuri. Rangi yake ni kahawia iliyochanganyika na manjano. Hukubali tezo bila kupasuka ovyo, na ukisuguliwa hung'aa bila rangi ya ziada. Wadudu hawauli kirahisi. Sifa hizo ndizo zilizouponza, kwa maana wachongaji hawakuwa peke yao: ulitakiwa kwa sakafu za nyumba za wenye nacho, kwa nguzo za nyua zisizooza na kwa makaa. Nao haukimbii kujizalisha. Miti dume na miti jike ni mbalimbali, mbegu nyingi hazioti, na mti huchukua karne au zaidi kufikia unene wa kuchongwa ndovu mkubwa.

Hivyo mti ulifuatwa ulikobaki. Misitu ya Ngong na Karura kandokando ya Nairobi ilitoa sehemu yake, na pwani ukafuatwa katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Huo ni msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake wamo ndege na wanyama wasiopatikana sehemu nyingine nyingi, akiwamo bundi mdogo wa Sokoke ambaye wanasayansi walimtambua katika miaka ya 1960 tu. Wakataji waliingia na misumeno ya mkono, wakachagua muhugu ulionyooka na mnene, wakaacha uliopinda. Mti bora ndio uliokatwa, mbegu zake zikaenda nao. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku kukata miti ya asili katika misitu yake, lakini magogo yaliendelea kutoka usiku, na bei iliyopanda kwa hatari hiyo ilimwangukia mchongaji.

Katika miaka ya 1990 makadirio yalitaja wachongaji wapatao 60,000 nchini, wenye watu wa kuwategemea mara kadhaa ya hao, na mapato ya nje ya dola za Marekani zipatazo milioni 20 kwa mwaka. Kazi kubwa namna hiyo ilikuwa imesimama juu ya mti ambao hakuna aliyekuwa akiupanda. Lawama zilipoanza, zilimwelekea mchongaji kwa sababu ndiye aliyeonekana na gogo mkononi. Haikuwa haki kamili. Yeye ndiye aliyetoa thamani kubwa kuliko wote katika kila kipande cha muhugu, wakati mti ule ule ulichomwa makaa bila mtu kupiga kelele.

Suluhisho lilitafutwa kwenye miti ya mashambani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa mpango wa pamoja wa shirika la WWF, UNESCO na bustani ya mimea ya Kew, wakishirikiana na wataalamu wa Kenya, walianza kuwashawishi wachongaji wajaribu mwarobaini. Mti huu ulitoka upande wa India, ukaota kila ua wa pwani, na kila nyumba iliujua kwa dawa yake chungu. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, rangi yake inaelekea wekundu, na ndani ya miaka ishirini hivi shina lake linafaa kwa tezo. Wachongaji waliusitasitia kwa sababu ya msingi: mwarobaini mbichi hupasuka. Muhugu ulimsamehe fundi mwenye haraka, mwarobaini haumsamehe. Ilibidi wajifunze kukausha magogo kivulini, kuziba vichwa vya magogo kwa nta au gundi ili maji yatoke polepole, na kusubiri. Kwa mtu anayekula leo alichouza jana, kusubiri miezi ni gharama, na hapo ushirika wenye ghala ulionyesha faida yake.

Wanunuzi wa ng'ambo nao walianza kuuliza mti umetoka wapi. Mwaka 2005 mashamba ya wakulima wa pwani wanaowauzia wachongaji miarobaini yalipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, na vinyago vya Akamba Handicraft vikaweza kuuzwa vikiwa na alama hiyo. Mkulima wa Kilifi au Kwale aliyekuwa akiukata mwarobaini kwa kuni sasa aliuza shina kwa fundi. Bara, wachongaji wa Wamunyu na Nairobi waligeukia mjakaranda ulioletwa na Wazungu kupamba barabara, mwembe uliozeeka na mgrivilea wa mipakani mwa mashamba. Mjakaranda ni mweupe na mwepesi. Unachongeka kwa haraka, haudumu kama muhugu, na huhitaji rangi ili uvutie.

Soko lenyewe limekuwa likiyumba. Vurugu za Likoni mwaka 1997, mabomu ya Nairobi mwaka 1998 na Kikambala mwaka 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 na kufungwa kwa anga mwaka 2020 kwa sababu ya Korona, kila tukio liliwafukuza watalii, na kila mtalii aliyekosekana alihesabiwa Changamwe na Wamunyu. Vijana wengi wameona baba zao wakikaa na rafu zilizojaa, wakachagua bodaboda au kazi za mjini. Waliobaki huchonga kidogo, hulima kidogo, na huongeza vitu vya matumizi ambavyo Wakenya wenyewe hununua: mabakuli, vibao vya kukatia mboga, viti.

Majumba ya makumbusho na maduka yameandika juu ya kazi hizi jina la kabila tu. Nje ya Mutisya Munge na wachache wengine, mafundi wa karne nzima ya kazi hii wanajulikana kwa namba iliyoandikwa chini ya kinyago. Namba hizo zina wenyewe. Sheria ya ushirika inakitaka kila chama kiwe na daftari la wanachama, na madaftari ya Changamwe, Wamunyu na Gikomba ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote ya kuyapata majina hayo. Mchwa, moto wa masoko na unyevu wa pwani havichagui karatasi. Nyaraka za taifa, vyuo vikuu na vyama vyenyewe vinapaswa kuyanakili madaftari hayo sasa, wakati wazee wanaoweza kusema namba fulani ilikuwa ya nani, na alichonga nini, bado wapo wa kuulizwa.